Treni nyepesi ya Addis Ababa: tukikague kituo cha Ayat kabla hatujajenga vya kwetu

Kibegi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila mjadala wa treni za mjini unapoanza, tunakimbilia kuulizana treni ina kasi gani, imetoka nchi gani na mkopo ni shilingi ngapi. Kituo hakiulizwi. Nimefungua uzi huu tuzungumzie kituo tu, tena kituo cha pembezoni, kule mji unakoishia na ambako watu wengi ndiko wanakolala. Nimeishi Addis Ababa kikazi, upande wa mashariki, na treni nyepesi ya kule, yaani treni ndogo ya umeme ya mjini, ndiyo iliyokuwa usafiri wangu. Naamini mji wetu wowote utakaojenga treni ya namna ile utafaulu au utakwama kwenye vituo, kabla ya kwingine kokote.

Kwa wasioifahamu: njia ya kaskazini na kusini ilianza kubeba abiria tarehe 20 Septemba 2015, na ya mashariki na magharibi ikafuata Novemba mwaka huohuo. Ujenzi uligharimu dola za Marekani milioni 475, asilimia 85 ikiwa ni mkopo wa Benki ya Exim ya China, na mkandarasi alikuwa China Railway Group. Reli zote kwa pamoja ni kilomita 31.6. Njia ya kijani inatoka Ayat hadi Tor Hailoch, ya buluu inatoka uwanja wa Menelik II hadi Kality, na katikati ya mji, kuanzia Stadium hadi Lideta, njia zote mbili zinapita kwenye reli moja. Kila njia ina vituo 22, vitano vinatumiwa na njia zote mbili, kwa hiyo jumla ni 39.

Ayat ndiyo mwisho wa njia ya kijani, na karakana mojawapo ya treni iko hukohuko. Ni eneo la maghorofa ya kondominiamu, yale ambayo serikali ya Ethiopia ilianza kuyajenga kwa wingi katikati ya miaka ya 2000 na kuyagawa kwa bahati nasibu. Aliyebahatika alipata nyumba, ila akajikuta mbali na kazi, mbali na soko la Merkato, mbali na hospitali kubwa. Treni ndiyo iliyomrudisha mjini. Ilipoanza, nauli ilikuwa birr (fedha ya Ethiopia) 2, 4 au 6 kulingana na umbali, na kwa familia ya kipato cha chini hiyo ilikuwa nafuu ya kweli.

Sasa njooni kituoni. Reli imelazwa katikati ya barabara pana, magari yanakwenda upande huu na upande ule, na pembeni mwa reli kuna uzio. Kabla hujaiona treni una kazi ya kuvuka barabara ya magari. Kama kivuko kiko mbele ya mtaa wako, sawa. Kama hakipo, unatembea kukitafuta, unavuka, halafu unarudi ulikotoka hadi ufike jukwaani. Kwa mtu mwenye miguu mizima na mikono mitupu hilo ni jambo dogo. Kwa mama mwenye gunia la vitunguu, au mzee wa fimbo, ni safari kabla ya safari.

Jukwaa lenyewe ni fupi kwenda juu, karibu usawa wa kiuno cha mtoto mdogo, kwa sababu treni zile zina sakafu ya chini kwa asilimia 70 ya urefu wake. Unaingia bila kupanda ngazi, na hili nalisifu kwa moyo wote. Juu kuna paa. Msimu wa mvua kule ni Juni hadi Septemba, mji uko juu ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, na mvua yake huja na baridi, wakati mwingine na mawe. Paa jembamba halikusaidii upepo ukiwepo. Mnaokaa pwani msidhani hili haliwahusu: badilisheni mvua muweke jua la saa nane mchana la Dar, hesabu ni ileile.

Nimesema ya kutosha kuanzia. Wenye uzoefu wa vituo vya namna hii popote mlipo, karibuni. Wahandisi pia, tunawahitaji humu.

Mjomba Relini

Kibegi, umegusa penyewe. Sisi wa Dar tuliopanda treni ya Mwakyembe, ile ya mjini iliyopewa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, tangu Oktoba 2012 tunajua unachosema. Watu walishangilia treni, na walikuwa na haki, maana foleni ya Barabara ya Mandela ilikuwa inaua. Lakini pale Ubungo Maziwa na vituo vya katikati mtu alisubiri juani, mabehewa ni marefu, unapanda kwa ngazi na kuvutwa mkono. Na treni ilikuwa ya asubuhi na jioni tu. Ukikosa ya jioni, rudi kwenye daladala.

Jingine ambalo vijana wengi hawalijui: treni ile ya TRL (kampuni ya Reli ya Kati) na ile ya TAZARA (reli ya Tanzania na Zambia) ya kwenda Mwakanga haziwezi kuingia kwenye reli moja hata zikitaka. Reli ya Kati ina upana wa milimita 1,000, ya TAZARA ni 1,067. Kwa hiyo hatukuwahi kuwa na kituo ambacho mtu anashuka hapa na kupanda pale, upande wa pili wa jukwaa.

Swali langu: huko Addis tiketi unakata wapi? Kuna mageti?

Kibegi

Mjomba, shikamoo. Hakuna mageti. Wakati wangu tiketi ilikuwa ya karatasi, unainunua kwenye kibanda kilicho jirani na kituo, na wakaguzi wanapita ndani ya treni. Kwa kituo cha katikati ya barabara naona ni uamuzi wa busara, kwa sababu jukwaa ni jembamba. Ukiweka mageti unakula nafasi ya watu kusimama. Kasoro yake inajitokeza treni ikijaa. Mkaguzi gani atapenya katikati ya watu waliobanana hadi hawawezi kuinua mkono? Hapo nauli inapotea, na nauli yenyewe ilikuwa ndogo kuliko gharama za kuendesha.

Kitu kimoja kilinifurahisha ingawa hakihusiani na fedha. Waethiopia wanahesabu saa kama sisi, kuanzia alfajiri. Ukiambiwa treni ya kwanza ni saa kumi na mbili asubuhi, ni saa kumi na mbili yetu hiihii. Mswahili hapotei.

Wa Minnesota

Salaam kutoka kwenye barafu. Hapa Minneapolis treni nyepesi ilianza Juni 2004, kutoka katikati ya mji hadi Fort Snelling, na Desemba mwaka huo ikafika uwanja wa ndege na jengo la maduka la Mall of America. Nayo ilianza bila mageti. Unakata tiketi kwenye mashine jukwaani au unagusisha kadi, unapanda, mkaguzi akikukuta huna unalipa faini. Kwa hiyo mfumo wa Addis si wa kimaskini, miji mingi ya Ulaya na Marekani inautumia. Kinachohitajika ni wakaguzi wa kutosha na treni zisizofurika.

Vitu viwili vya vituo vya huku napenda mvijue. Cha kwanza, jukwaani kuna vipasha joto juu ya kichwa chako, na vinawashwa kwa kitufe. Unabonyeza, vinawaka kwa muda, vinazima vyenyewe. Havichomi umeme usiku kucha bila mtu. Majira ya baridi huku yanashuka mbali chini ya sifuri, na bila vile vipasha joto nisingesubiri treni hata dakika tano. Nawaza kwetu kitufe hicho kingekuwa cha feni au cha taa.

Cha pili ni maegesho. Fort Snelling na 28th Avenue ni vituo vya pembezoni ambapo mtu anaacha gari bure asubuhi na kuingia mjini kwa treni. Na mwenye baiskeli anaingia nayo, ndani kuna sehemu ya kuitundika. Lakini vyoo? Vituo vingi havina kabisa. Nchi tajiri, na bado mtu anabanwa njiani. Msije mkaiga hilo.

Mama Wawili

Ahsante Wa Minnesota kwa kutaja vyoo, maana nilikuwa nasoma huku nasubiri nani atasema.

Mimi natoka na watoto wawili kila asubuhi, mmoja mgongoni, mmoja mkononi, na mkoba wa shule. Mtu anayechora kituo aniweke mimi mbele yake kwenye karatasi. Mtoto wa miaka minne akisema anataka kwenda haja, haulizi kama kituo kina bajeti. Kina mama wajawazito je? Wazee wenye kisukari? Kituo cha mwisho cha njia ndiko watu wanakosubiri muda mrefu kuliko vyote, kwa hiyo choo kikikosekana vituo vyote, pale mwisho kiwepo, chenye maji, chenye mtu wa kukitunza, hata tukilipa mia mbili.

Na taa. Treni ya Addis nasikia inatembea hadi usiku. Mwanamke akishuka saa tatu usiku kituo cha pembezoni, taa za jukwaani zinamsaidia dakika mbili. Baada ya hapo anaingia kwenye njia ya kwenda nyumbani, na huko ndiko giza lilipo. Taa za kituo zisiishie kwenye uzio wa kituo. Zifuate njia ambayo watu wanaitumia hadi mtaani, na mama yeyote wa mtaa huo atawaonyesha ni ipi.

Steji ya Mwisho

Uzi mzuri sana huu. Naandika kutoka Nairobi, upande wa Mlolongo.

Sisi tulipata stesheni ya Syokimau Novemba 2012, ilifunguliwa na Rais Mwai Kibaki mwenyewe. Si treni nyepesi, ni ya dizeli kwenye reli ya zamani ya mita moja, lakini wazo ni hilohilo la kitongoji. Jengo zuri, maegesho ya magari, sehemu ya kusubiri yenye paa. Watu waliacha magari pale na kukwepa Mombasa Road asubuhi, na kila aliyewahi kukaa kwenye ile foleni anajua hiyo ni baraka. Baadaye ikaja SGR (reli mpya ya kisasa) mwaka 2017, kituo chake kikuu cha Nairobi kikawekwa hukohuko Syokimau, na treni ya mjini inaunganisha abiria wa Mombasa hadi stesheni ya zamani katikati ya jiji. Halafu 2020 zikaletwa treni za dizeli zilizokuwa zikitumika kisiwa cha Mallorca, Uhispania.

Lakini sikilizeni. Maegesho ni ya mwenye gari. Wengi wetu hatuna gari. Tunatoka mtaani kwa miguu, kwa boda au kwa matatu, na hao ndio wanaotakiwa kuwekwa karibu zaidi na mlango wa stesheni. Nimeona michoro mingi ambapo gari la mtu mmoja limetengewa nafasi mlangoni, na matatu ya watu kumi na wanne imeambiwa isimame barabarani huko nje. Geuzeni. Matatu mlangoni, boda kando yake chini ya kivuli, mwenye gari binafsi ndiye atembee kidogo.

Nondo

Nimeitwa kama mhandisi, nimekuja. Nitazungumzia vipimo viwili tu kwa sababu vinabeba karibu kila kitu mlichosema.

Kwanza, urefu wa jukwaa kwenda juu. Treni yenye sakafu ya chini inahitaji jukwaa la sentimita 30 hadi 35 hivi. Mteremko unaokubalika kwa kiti cha magurudumu ni moja kwa kumi na mbili, yaani kupanda sentimita 35 unahitaji njia ya mita nne na kidogo. Inaingia popote. Sasa linganisheni na Manchester, Uingereza. Wao mwaka 1992 walichukua njia za zamani za reli za Bury na Altrincham zikiwa na majukwaa marefu tayari, kwa hiyo wakachagua treni za sakafu ya juu, na hadi leo kila kituo kipya wanachoongeza lazima kiwe na jukwaa la karibu sentimita 90. Mteremko wake ni mita 11 hivi. Uamuzi wa siku ya kwanza ndio unaowaongoza hadi leo.

Halafu chukueni reli iliyopandishwa juu ya nguzo, au kituo ambacho lazima uvuke kwa daraja la mita tano na nusu ili malori yapite chini. Mteremko wake ni mita 66, kila upande. Hakuna anayetenga nafasi hiyo mjini, kwa hiyo wanaweka ngazi za umeme na lifti. Vyote viwili vinataka umeme usiokatika, fundi wa karibu na vipuri kutoka nje. Siku lifti ikisimama, kituo kimefungwa kwa mtu wa kiti cha magurudumu, hata kama treni zinapita. Ndiyo maana mimi nikipewa kuchagua, kituo cha pembezoni nakiweka chini, kwenye usawa wa ardhi, na kivuko chenye taa za kuongozea magari kwenye kila ncha ya jukwaa, si ncha moja tu. Barabara ndiyo isimame, watu wapite.

Pili, upana wa jukwaa. Huu unatokana na muda kati ya treni na treni, na watu wengi hawaoni uhusiano huo. Tuseme asubuhi wanaingia kituoni watu 25 kwa dakika, na jukwaa ni mita 60 kwa mita 3, yaani mita za mraba 180. Treni ikija kila dakika 6, wanaosubiri wanafika 150. Kila mmoja ana zaidi ya mita moja ya mraba, anaweza hata kuweka mzigo chini. Treni ikija kila dakika 20, wanafika 500. Hapo ni karibu watu watatu kwenye mita moja ya mraba, pembeni mwa reli. Jukwaa ni lilelile, saruji ileile. Kilichobadilika ni treni kuchelewa, na kituo kilichokuwa salama kimekuwa hatari.

Kibegi

Nondo, hiyo hesabu yako ya pili ndiyo Addis yenyewe. Mji ulinunua treni 41. Miaka ilivyokwenda nyingi zikasimama karakana kwa kukosa vipuri, na vipuri vinataka fedha za kigeni wakati nauli inaingia kwa birr. Zilizobaki barabarani zikawa chini ya nusu. Vituo vilijengwa kwa treni zinazofuatana haraka, vikajikuta vinabeba watu wa treni tatu kwa wakati mmoja. Ukiwa Ayat, kwenye kituo cha kwanza, angalau unaingia treni ikiwa tupu. Aliye CMC au Gurd Shola anaiona inakuja imejaa, na ikimfikia mtu wa Megenagna ndiyo basi tena, ingawa Megenagna ndiyo makutano makubwa ya mabasi madogo upande ule wa mji.

Vituo vile viko karibu karibu. Njia ya kijani ni kilomita 17.4 na ina vituo 22, wastani wa mita 800 na ushee. Kwa hiyo watu wenye nguvu walianza kutembea kurudi nyuma kituo kimoja au viwili ili waipate treni kabla haijajaa. Mzee hawezi. Mjamzito hawezi. Ndipo nikaelewa kwamba benchi, paa na choo ni huduma za lazima hasa pale ambapo treni si ya uhakika. Mji ukijua hautaweza kuleta treni kila dakika sita, basi ujenge jukwaa pana na benchi nyingi tangu mwanzo.

Pingamizi

Samahani wakuu, mimi naona tofauti. Fedha ni moja. Kila shilingi unayoiweka kwenye choo, feni na taa za mtaani umeitoa kwenye treni. Addis yenyewe imekwama kwa vipuri, haikukwama kwa benchi. Mimi ningenunua treni za ziada na stoo iliyojaa vipuri, vituo viwe vya saruji na paa la bati, tuboreshe baadaye. Mtu anayewahi kazini anataka treni ifike. Akifika kituoni akakuta vigae vinang'aa na treni haipo, mmemsaidia nini?

Nondo

Pingamizi, nusu ya hoja yako naichukua mzima mzima. Stoo ya vipuri iwe kwenye mkataba, na fedha yake itengwe mwanzoni. Vigae vya kung'aa sivitaki, vinateleza mvua ikinyesha.

Nusu ya pili ya "tuboreshe baadaye" ndiyo nakataa. Paa unaweza kuongeza baadaye. Benchi pia. Choo ukiacha bomba la maji na la majitaka chini ya ardhi, utaongeza. Lakini jukwaa lililobanwa kati ya reli mbili katikati ya barabara huliongezi upana baadaye bila kung'oa reli. Kivuko usipokiweka kwenye mchoro, utakuja kujenga daraja la ngazi. Manzese watu walivushwa kwa daraja miaka mingi hadi eneo likaitwa Darajani, na bado wapo waliokuwa wanakatiza chini katikati ya magari kwa sababu ngazi zinachosha. Mtu anatafuta njia fupi. Ndivyo miguu ilivyo duniani kote, uzio hauibadilishi.

Na mahali pa kuweka kituo na karakana, hapo ndipo hakuna kabisa kurudi nyuma. Karakana ya mwendokasi, mabasi ya haraka ya Dar, iliwekwa Jangwani, kwenye bonde la Msimbazi. Mvua zikija, maji yanaingia na barabara inafungwa. Mabasi angalau unaweza kuyahamisha mapema ukisikia utabiri. Treni ya umeme unaihamishia wapi, wakati nyaya na reli vyote viko bondeni?

Pingamizi

Hapo kwenye upana na kivuko nimekuelewa. Basi tukubaliane: vile visivyoongezeka baadaye vijengwe kamili siku ya kwanza, vinavyoongezeka viwekewe nafasi na mabomba. Treni na vipuri vipate kilichobaki chote.

Kibegi

Nakubali, isipokuwa choo cha kituo cha mwisho. Hicho ni cha siku ya kwanza. Mama Wawili asingojee awamu ya pili.

Kapu la Ndizi

Nauza ndizi na karanga kituo kimoja cha mwendokasi, sikitaji. Nasoma kila kitu hapa na hakuna aliyenitaja mimi ila kama mtu wa kuvuka na gunia.

Kituo kikijengwa, sisi tutakuja. Mnaweza kuandika mabango, mnaweza kuleta mgambo, tutakuja kwa sababu watu wapo. Abiria anataka maji, vocha, kitafunwa cha mtoto, mwavuli mvua ikimshtua. Tukikosa mahali tunakaa njiani, tunaziba mlango, watu wanalalamika tumewabana, tunafukuzwa, kesho tunarudi. Hii michezo imechosha pande zote.

Tupangieni mahali tangu kwenye mchoro. Kizimba chenye paa, bomba la maji, taa moja, pipa la taka. Kiwe upande ambao abiria anapita akitoka, kwa sababu asubuhi anakimbia hanunui, jioni ndiyo ananunua. Tozeni ushuru, tutalipa. Na usiku tukiwepo pale, kituo hakiwi kitupu. Mama Wawili atashuka saa tatu akute watu wanaomfahamu.

Mama Wawili

Dada (au kaka), umesema kweli tupu. Kituo chenye wauza matunda usiku nakiamini kuliko chenye kamera na mlinzi aliyesinzia.

Steji ya Mwisho

Kapu la Ndizi, kwa huo ushuru kamilisha hivi: sehemu yake ibaki kituoni, ilipe mtu wa kusafisha choo na kubadilisha taa zilizoungua. Fedha ikienda moja kwa moja makao makuu, taa ya kituo cha mwisho ndiyo ya mwisho kukumbukwa.

Mjomba Relini

Nirudishe mjadala nyumbani. Tuchukue Gongo la Mboto. Treni ya Pugu inapita pale, daladala zimejaa pale, na mwendokasi wa Barabara ya Nyerere umepangwa kuishia palepale. Pugu yenyewe ina kituo cha SGR. Ukitafuta mahali pa kujaribu haya yote tuliyosema, kabla hata treni nyepesi haijaja, si ndipo hapo?

Nondo

Ndipo. Ningeanza kwa kusimama pale siku nzima na kuhesabu watu wanatoka daladala gani na wanakwenda upande gani. Kisha ningepima hatua kutoka mlango wa daladala hadi mlango wa treni. Nikiona zinazidi mita 150, au kuna barabara ya kuvuka bila kivuko, mchoro unarudi mezani. Baada ya hapo ningempigia simu mtu wa mifereji, maana nataka kujua maji ya mvua ya masika yanapita wapi.

Kibegi

Mjomba, wewe ni mkazi wa upande huo. Unaweza kutuchorea hata kwa mkono, daladala za Chanika zinasimama wapi, za Pugu wapi, boda wako wapi, na watu wanavukia wapi reli kwa sasa?

Mjomba Relini

Naweza. Nipeni hadi Jumamosi, asubuhi nitakwenda mwenyewe nikae pale kuanzia saa kumi na moja, kabla foleni haijaanza. Kapu la Ndizi, kama una mwenzako anayeuza upande ule mwambie aje tuonane, yeye atajua watu wanapita wapi kuliko mimi.

Kapu la Ndizi

Ninaye. Yuko karibu na njia ya reli, anauza uji asubuhi. Nitamwambia akutunzie kikombe.